Mjerumani Aliyevaa Kofia ya Marehemu

Siku mliyoniaga ofisini mlinipa saa ya ukutani. Niliipokea kwa mikono miwili na tabasamu pana, lakini hadi leo sijaelewa mliwaza nini. Mtu anastaafu, hana pa kuwahi tena, nyie mnampa saa. Nimeitundika jikoni, inanisaidia nisiunguze maharage. Mkaniomba pia niandike machache kuhusu kazi yetu, yawafae nyie mnaobaki. Basi nayaandika, ingawa najua wawili kati yenu mtasoma mwisho tu. Mambo ya vyeo na mishahara siyagusi. Vyeo vilikuwa vichache, na mshahara mnaujua.

Kwa asiyetufahamu, kazi yenyewe ni hii: chuo kinapokea vijana kutoka Ulaya na Marekani wanaokuja kusoma muhula mmoja au miwili. Sisi tunawatafutia familia za kuishi nazo, kisha tunakaa nao kila wiki kuwasaidia waelewe wanayoyaona, wasije wakarudi kwao na picha za machweo tu. Kwenye karatasi kazi hii ina jina refu lenye neno utamaduni mara mbili. Mtaani kwangu Temeke waliniita Mama Wazungu, na jirani yangu mmoja aliamini kwa miaka mingi kwamba nawakodisha kwa siku.

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa kwa Mwalimu Sanga. Alikuwa Mkinga wa Makete, mfupi, amevaa sweta la sufu la kijivu. Ilikuwa Januari. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye kola, na sweta hakulivua. Nilivumilia mpaka saa sita mchana, nikamuuliza kulikoni.

"Umeona nini?" akanirudishia swali.

"Nimeona sweta, Mwalimu."

"Umedhani nini?"

"Nimedhani unaumwa homa."

"Umemuuliza nani?"

"Si nakuuliza wewe?"

Akacheka. "Vizuri. Siumwi, nimelizoea tu. Sasa umeshaijua kazi, vuta kiti ukae."

Nilidhani ananitania. Kumbe ndiyo yalikuwa mafunzo yangu yote. Akanitolea kwenye droo rundo la madaftari ya kawaida ya shule, akanionyesha namna ya kupiga mistari kila ukurasa upate safu tatu: NIMEONA, NIMEDHANI, NIMEULIZA. Kila mwanafunzi wa nje alipewa lake. Safu ya kwanza ni rahisi, alisema, kila mwenye macho anaijaza. Ya pili hujijaza yenyewe. Ya tatu ndiyo masomo, na ukiikuta tupu wiki mbili mfululizo, jua huyo kijana anasafiri ndani ya kichwa chake. Nimeona ofisi ikipita kwenye kompyuta, kwenye programu za simu, kwenye fomu za mtandaoni zenye nyuso za kucheka na kununa. Daftari lile la safu tatu ndilo pekee lililonifanyia kazi mwanzo hadi mwisho, tena halihitaji chaji.

Miaka ya mwanzo nilijifunza zaidi kwa kutatua ugomvi mdogo mdogo. Alikuja binti mmoja Mmarekani, mpole sana, tukampa familia Boko. Siku ya nne akachoka na watu, akaingia chumbani, akafunga mlango, akataka awe peke yake kidogo. Kwao huko ni kupumzika. Kwa familia ile, mtu mzima na afya yake kujifungia mchana kweupe ni dalili ya ugonjwa. Mama mwenye nyumba akapeleka uji. Shangazi akaja kukaa kitandani. Jioni akaletwa mzee wa kumsomea dua. Binti akanipigia simu analia: "Mama Tunu, nimeomba dakika thelathini, sasa chumbani tuko tisa."

Mwingine, kijana wa Kiholanzi, aliambiwa darasani kwamba kukataa chakula ni kumvunjia mtu heshima. Kwa hiyo kila aliyemkuta anakula akasema "karibu," yeye alikaribia. Akakaribia kwa fundi viatu, kwa mlinzi, kwa akina mama wa saluni, kwa wajenzi waliokuwa na sahani moja watu watatu. Wajenzi ndio walionitafuta. "Mama, tunampenda mzungu wako," msemaji wao alisema kwa adabu, "ila sie tunabeba zege." Nikamweleza kijana kwamba "karibu" hiyo hujibiwa "asante, endeleeni," na unapita zako. Akaniangalia kwa masikitiko makubwa. Alikuwa ameshanenepa.

Nawaambia haya mjue kwamba makosa mengi ya vijana wetu hayatoki kwenye dharau. Yanatoka kwenye utii. Tunawafundisha desturi, wanaishika kwa mikono miwili, halafu wanaipeleka mahali ambapo hatukuwaambia kuwa isifike. Na hapo ndipo nilipofanya kosa langu kubwa, ambalo sikuliandika kwenye ripoti yoyote. Sasa nimestaafu, hamna la kunifanya.

Lukas alikuwa Mjerumani, ana miaka ishirini na mbili, mrefu mpaka akawa anainama kila mlango. Nilimweka Tegeta kwa Bi. Salma, mama wa asili ya Kiarabu mwenye duka la vitambaa Buguruni, mjane, mkali kwa usafi na mwepesi wa moyo. Namna yangu ya kuchagua familia mnaijua: siulizi wana vyumba vingapi, nakwenda bila taarifa na kusikiliza watoto wa jirani wanaingiaje humo ndani. Kwa Bi. Salma walikuwa wanaingia kama kwao.

Nyumba ya pili kutoka kwake ilikuwa ya Babu Komba, karani mstaafu, Mngoni wa Songea, na mkewe Bibi Komba. Babu alikuwa anavuta mguu wa kushoto na kuvaa kofia ya pama kuukuu asubuhi hadi jioni. Kila siku baada ya masomo Lukas alikwenda kwake kucheza bao. Alifungwa kila siku. Kwenye daftari aliandika upande wa NIMEONA: "Babu anahamisha kete nikiangalia pembeni." NIMEDHANI: "Babu anaiba." NIMEULIZA: "Nimemuuliza Babu. Amesema ndiyo." Nilimpa alama zote.

Muhula huo niliwafundisha utani. Nilifundisha vizuri, sijisifu. Niliwaambia kwamba makabila yetu mengi yana watani wao, na kwamba mtani anaruhusiwa kukutukana hadharani, kukuchukulia kuku wako, na hata kukuchekesha msibani. Atavaa nguo za marehemu, ataigiza mwendo wake, atamsema marehemu kwa ulafi na uvivu, na wafiwa watacheka huku machozi yanawatoka. Vijana wakapanua macho. Lukas akainua mkono akauliza, "Mtani ana mipaka gani?" Nami, kwa ule utamu wa kusikilizwa, nikajibu, "Mtani? Mtani anaruhusiwa kila kitu." Darasa likacheka. Sikuwaambia la muhimu kuliko yote, kwamba mtani huwi kwa kupenda. Unazaliwa mtani, kabila kwa kabila. Kwangu lilikuwa jambo la wazi mno hata halikunijia kichwani.

Wiki tatu baadaye Babu Komba akafariki. Alishasema azikwe hapa hapa, asisafirishwe. Turubai likafungwa mbele ya nyumba, wanaume wakakaa kwenye viti vya plastiki nje, wanawake kwenye mikeka ndani na mjane wao. Juu ya meza ndogo wakaweka picha ya Babu, na pembeni yake kofia yake.

Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, Bi. Salma alinipigia simu. Sauti ilikuwa chini sana, na Bi. Salma hakuwa mtu wa sauti ya chini.

"Da' Tunu, njoo umchukue mtu wako. Leo leo. Vitu vyake nimeshaviweka sebuleni."

Kutoka Temeke hadi Tegeta ni mwendo wa kutosha kutunga uongo mzuri, nami nilitunga wa aina tatu. Kilichokuwa hatarini nilikijua vizuri, kwa sababu kanuni ya chuo ilikuwa haina huruma: mwanafunzi akifukuzwa na familia kwa utovu wa adabu, anarudishwa kwao na muhula wake wote unafutwa. Kwa Lukas ilimaanisha mwaka mzima wa masomo. Kwa Bi. Salma ilimaanisha jambo baya zaidi. Alikuwa ameishi mtaa ule miaka mingi, Mwislamu kati ya majirani Wakristo wa bara, wanazikana na kuozeshana. Sasa ingesemwa kwamba mgeni wake alimchezea marehemu.

Yaliyotokea nilisimuliwa na watu wanne, na wote walisimulia sawa, jambo ambalo halijawahi kutokea Tegeta. Asubuhi alikuja Bwana Kalinga, Mhehe, mtani wa Wangoni. Akavaa koti la Babu, akawa anavuta mguu wa kushoto chini ya turubai na kupiga kelele, "Mnalia nini? Si nilikwenda kujisaidia tu! Nani kakalia kiti changu?" Watu wakacheka mpaka wakafutana machozi. Lukas alikuwa amekaa nyuma, macho mekundu, hajala. Aliangalia yote. Kalinga alipokwenda kupumzika, na huzuni ikarudi tena chini ya turubai, Lukas akasimama. Akatembea mpaka kwenye meza, akaichukua kofia, akaivaa. Akavuta mguu. Akasema kwa Kiswahili chake cha darasani, kila neno limenyooshwa kwa pasi:

"Mimi ni marehemu. Nina njaa. Tafadhali nileteeni wali."

Hakucheka hata mtu mmoja. Festo, mtoto mkubwa wa Babu, aliruka kutoka kitini. "Oya! Braza, unafanya nini? Unamfanyia nani hivyo?" Wazee wawili wakamshika, vinginevyo kijana wangu angelala hospitali. Bi. Salma aliyekuwa mlangoni akajifunika uso kwa mtandio. Na Lukas, amesimama vile vile na kofia kichwani, hakuelewa kwa nini kicheko hakiji.

Nilimkuta kwa Bi. Salma, amekaa juu ya begi lake. Hakujitetea. Alinipa daftari tu. NIMEONA: mtani anavaa nguo za marehemu, wafiwa wanapata nafuu. NIMEDHANI: anayempenda marehemu anawasaidia hivi. Kisha safu ya tatu, ile ambayo nilikuwa nawasimanga kila wiki waijaze. NIMEULIZA: "Mama Tunu. Amesema: mtani anaruhusiwa kila kitu."

Hapa naomba mnisikilize kwa upole. Nilikuwa mkuu wa mafunzo. Kesho yake mkurugenzi angetaka kuliona hilo daftari. Nikaichana ile karatasi taratibu isitoe sauti, nikaikunja mara nne, nikaitia kifuani. Nikamwambia Lukas, "Vaa shati safi, tunakwenda kuomba radhi." Sikujisikia vibaya wakati ule. Nilijisikia mwepesi, ndiyo maana naogopa kukumbuka.

Tuliingia kwa Bibi Komba watu watatu, kama inavyotakiwa: mimi mbele, Bi. Salma nyuma yangu, Lukas mwisho, ameinama. Bibi alikuwa kwenye mkeka, amefunga khanga kiunoni, amezungukwa na wanawake. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, na macho ambayo hayakuhitaji msaada wa mdomo.

"Shikamoo Bibi. Pole sana na msiba."

"Marahaba. Tumeshapoa. Mmeleta nini?"

"Tumeleta radhi, Bibi. Kijana huyu amekosa. Lakini tangu jana ana homa kali, malaria imempanda kichwani…"

Huo ulikuwa uongo namba moja. Bibi Komba alinyoosha mkono, akamshika Lukas paji la uso, akaurudisha.

"Baridi," alisema. "Endelea."

Uongo namba mbili ulikuwa unategemea ule wa kwanza. Lukas akapiga magoti mwenyewe, hakuna aliyemwambia.

"Bibi, ninaomba msamaha. Babu alikuwa rafiki yangu. Nilifikiri mtu anayempenda marehemu ndiye anayetania. Nimekosea. Nitaondoka."

"Nani kakwambia hivyo?"

Lukas akaangalia mkeka. Alijua jina, na lilikuwa limekaa pembeni yake na mkoba wake. Alikuwa tayari kupoteza mwaka mzima bila kunitaja. Hapo ndipo aibu iliponifikia, ikanifika mpaka miguuni. Nikatia mkono kifuani mbele ya wanawake wote wale, nikatoa karatasi, nikaikunjua.

"Mie, Bibi. Mie ndiye niliyemfundisha, na nikamfundisha nusu. Nimeichana hii karatasi nisijulikane. Kama kuna wa kufukuzwa ni mie."

Bi. Salma akanigeukia. "Tunu!" Neno moja tu, lakini mwanamke wa Kiarabu akikuita hivyo unaangalia chini.

Bibi Komba aliichukua karatasi, akaiangalia ingawa miwani yake ilikuwa mbali. Kisha akamgeukia Lukas.

"Wewe kijana, kwenu ni wapi hasa?"

"Ujerumani, Bibi."

"Mjerumani."

"Ndiyo, Bibi."

"Si Mholanzi, si Mswidi?"

"Hapana. Mjerumani."

Bibi akawageukia wanawake wenziwe, na nikaona kitu kinatembea usoni mwake ambacho sikukitegemea. "Mnasikia? Mjerumani huyu." Akamrudia. "Unajua babu yangu mzaa baba alikufaje?"

Lukas akatikisa kichwa.

"Alinyongwa. Na Wajerumani, Songea, wakati wa vita vya Majimaji. Yeye na wenzake. Shambani wakachoma mahindi yote, waliobaki wakafa njaa. Baba yangu alikuwa hatamki jina la kabila lenu mpaka ateme mate kwanza."

Rangi yote ilimtoka Lukas. "Bibi, shuleni kwetu… sikufundishwa hili."

"Sasa unafundishwa. Kaa vizuri." Akakaa. "Yule Kalinga aliyevaa koti la mume wangu, unajua kwa nini anaruhusiwa? Sisi na Wahehe tulipigana, tukauana, tukachoka. Waliopigana wakachoka, mwisho wanataniana. Ndio utani huo. Sasa nyie na sisi tulipigana vibaya kuliko hao, na hakuna aliyekuja kututania hata siku moja. Mlikwenda zenu tu."

Nje tulisikia mtu anapasua kuni.

"Basi wewe ni mtani wangu," Bibi akasema. "Umechelewa miaka mia na zaidi, mshenzi wewe, lakini umefika. Festo! Njoo hapa. Huyu haondoki. Mpe ndoo. Mpaka matanga yaishe maji ya msiba huu atachota Mjerumani, na masufuria atasugua yeye. Na kesho makaburini atafanya kazi ya utani pamoja na Kalinga, ila safari hii afundishwe na mwenye kazi yake." Akaniangalia aliposema hivyo.

Festo alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Mama, upo siriasi?"

"Baba yako alikuwa anamwibia kete kila siku. Mtu unayemwibia kila siku si mgeni."

Bi. Salma alishusha pumzi aliyoishika tangu mchana. "Basi abaki kwangu," alisema. "Lakini kofia asivae tena nyumbani kwangu, hata ya kwake."

Kesho yake makaburini Kalinga aliruka ndani ya kaburi, akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe kuku, maana huyo Mngoni hastahili shimo zuri namna hii. Lukas akaruka naye, shati jeupe na yote. Kalinga akampiga kiwiko aseme. Akaanza vizuri: "Babu Komba ni mwizi! Ameniibia kete miezi miwili! Asizikwe mpaka…" Kisha sauti ikakatika, akaanza kulia kwa kwikwi, mtu mrefu vile ndani ya shimo.

"Mtani halii, mjinga wewe!" Kalinga akamshika sikio. "Ukitaka kulia panda juu ukalie na wenye msiba!" Makaburi yote yakacheka, Festo wa kwanza. Yeye ndiye aliyempa mkono wa kumtoa.

Ripoti ya kesi ile niliyoiwasilisha ofisini ilikuwa na mistari minne, ikisema mwanafunzi alishiriki shughuli za kijamii za majirani. Mkurugenzi aliisifu kwa ufupi wake. Mwalimu Sanga, ambaye alikuwa ameshastaafu, nilimfuata nyumbani nikamweleza ukweli wote. Alisikiliza ndani ya sweta lake, kisha akauliza, "Na wewe safu yako ya tatu ulikuwa unaijaza lini?" Nikamwambia sikuwa na daftari. Akaingia ndani akanitolea moja. Toka siku ile, wanafunzi wakiandika, nami naandika, na kabla ya kufundisha desturi yoyote namtafuta mwenye nayo nimuulize ninachodhani nakijua. Fanyeni hivyo. Inachukua muda, na inaondoa ile raha ya kuonekana mjuzi, lakini mtazoea.

Lukas alimaliza muhula wake, akarudi kwao akasoma mambo ya historia, na alikuja tena mara mbili. Yeye na Bibi Komba hawakuwahi kusalimiana kama watu wengine. Walitumiana ujumbe wa sauti kila wiki wa kutukanana tu. Yeye kule anamwita mchoyo, Bibi huku anamwuliza ameiba nchi gani leo. Bibi hakuacha tusi lipite. Hata siku aliyolazwa aliomba kwanza simu yake, akamjibu, ndipo akakubali sindano. Wajukuu wake walikuwa wanakusanyika kusikiliza.

Miezi miwili kabla sijastaafu Bibi Komba naye akafariki. Nilimpigia Lukas mwenyewe. Mkewe alikuwa amejifungua wiki hiyo hiyo, hakuweza kuja. Aliniuliza maziko ni saa ngapi, akakata.

Makaburini, sala zilipokwisha na vijana walipoinama kushika kamba, Festo alinyanyua mkono. "Subirini kwanza," alisema. "Mtani wetu hajasema." Akanitazama. Simu yangu ilikuwa imeingiza ujumbe dakika kumi kabla, na sikuwa nimethubutu kuufungua. Kalinga, mzee sasa, akanisogezea kipaza sauti cha mchungaji. Nikaiweka simu pale, nikabonyeza.

"Msimzike." Kiswahili chake kilikuwa kimelainika siku hizi, kina Tegeta ndani yake. "Nasema msimzike huyo bibi. Mie namjua, anajifanya tu. Miaka yote hii sijawahi kumtukana akanyamaza, nyie wenyewe mashahidi. Basi tumpime. Bibi Komba! Ugali wako ulikuwa mgumu, Tegeta nzima wangeujengea nyumba!"

Watu wakalipuka kwa kicheko. Wajukuu wakashikana mabega. Kisha wakagundua kwamba ujumbe haujaisha, wakanyamaza mmoja mmoja. Kwenye kipaza sauti tulisikia Lukas anapumua. Kwa mbali, nyuma yake, kitoto kichanga kikalia kidogo kikaacha. Yeye alikuwa anangoja, nasi tukasimama pale juani tukangoja naye, na nakiri kwamba nilitega sikio kuelekea kwenye jeneza.

"Haya," akasema mwishowe, taratibu sana. "Mzikeni."